Gundi Nyeupe

Maziwa yale mnayoyaona kwenye tangazo la nafaka
si maziwa. Ni gundi.
Maziwa huzilowesha nafaka, zikalegea, zikazama,
na mteja halipi pesa zake aone kitu kinazama.
Basi namimina gundi nyeupe, ile ya maseremala,
kijiko kinasimama wima kama askari wa gwaride,
na mtoto wa kukodi anatabasamu
mara thelathini na nane.

Ndiyo kazi yangu. Winnipeg, ghala la zamani la ngano.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri,
pumzi inaganda kwenye skafu
kabla hujamaliza kusema "jamani".
Ndani taa zinaunguza kama jua la saa saba.
Mvuke wa supu? Pamba iliyochemshwa,
imefichwa nyuma ya bakuli.
Aisikrimu? Viazi vya kuponda na rangi.
Uongo una ufundi wake, na mimi ni fundi.

Nimetangaza matairi ya theluji.
Nimetangaza benki inayodai inakupenda.
Nimetangaza dawa ya kiungulia,
na hiyo ndiyo filamu yangu pekee
ambayo ukoo mzima umeiona.
Mjomba Shebwana alipiga simu:
"Tumeitazama mara tatu.
Yule mzee, alipona?"

Pesa ya gundi naiweka kando.
Pesa ya matairi, kando.
Haba na haba, miaka minne,
lakini kibaba changu kina tundu,
na tundu lenyewe ni kodi ya nyumba.

Hata hivyo nikanunua siku sita.
Siku sita, watu watano, kamera ya kuazima
kwa Olena, aliyesema, "Ukiiangusha, usirudi."
Nikaenda barabara ya Selkirk, kwa Wasyl Hawryluk,
fundi viatu, miaka themanini na mmoja,
aliyekuwa anafunga duka lake
bila kumwambia mtu.

Siku ya kwanza alinitazama mimi tu.
Ya pili akaisahau kamera, akapiga misumari.
Ya tatu akamimina chai, akatia maziwa,
na maziwa yakakatika.
Vipande vyeupe vikaelea juu ya kikombe.
Wasyl akavitazama, akavitazama,
kisha akanywa.

Mkono wangu ulikuwa umeshainuka kusema "Kata!"
Miaka kumi na miwili ya gundi
ilikuwa ndani ya mkono ule.
Lakini maziwa yamejikatia yenyewe,
mimi nikate nini tena?
Nikaurudisha mkono mfukoni.

Matamasha kumi na tisa yalinijibu kwa adabu:
tunasikitika, ushindani ni mkali, usikate tamaa.
La ishirini likanipa Jumanne, saa tano asubuhi,
ukumbi wa viti arobaini na viwili, mjini Hamilton.
Walikuja watu kumi na mmoja.
Mmoja alikosea mlango
akaona haya kutoka.
Chai ilipokatika, yeye ndiye aliyecheka,
kicheko kifupi, peke yake gizani,
halafu akanyamaza
kama mtu aliyekumbuka deni.
Sikupata jina lake.

Wasyl hakuja. Duka la viatu, alisema,
yeye alikwisha liona.
Siku hizi linauza simu.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, ghala lile lile.
Bwana Prescott wa kampuni ya matangazo
ananionyesha mchoro:
bakuli, kijiko, mtoto, jua la dirishani.
Hilo jua nalo ni letu, lina swichi.
Olena anafuta lenzi. Mtoto wa leo ni mpya,
meno mawili ya mbele hana,
anainama juu ya bakuli, anaugusa ukingo, anauliza:
"Mbona maziwa hayatikisiki?"

Watu wazima kumi na saba
tunatazama chini, kwenye nyaya.

"Swali zuri," namwambia.
"Haya. Tabasamu."